Mfahamu daktari anayelinda uhai wa wanaanga

Na Mwandishi Wetu, Arusha

WAPAGAZI na waongoza watalii wanaoishi Sombetini na kata nyingine za Jiji la Arusha wanajua jambo moja bila kufundishwa darasani: kadiri mtu anavyopanda mlima, ndivyo pumzi inavyokuwa adimu.

Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kichwa huuma, hamu ya chakula hupotea, na mgonjwa asiyeteremshwa mapema huweza kufa kwa maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba.

Elimu hiyo ya mlimani ndiyo msingi wa kuielewa kazi ya daktari wa wanaanga.

Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, mgandamizo wa hewa hufanana na wa pwani. Hatari huanza mwanaanga anapotoka nje. Vazi lake hubeba mgandamizo mdogo zaidi kuliko huo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoka huvuta oksijeni tupu ili kuondoa naitrojeni mwilini. Asipofanya hivyo, mapovu hujitokeza katika damu, kama yanavyompata mzamiaji anayeibuka haraka kutoka kilindini.

Hali ya kuelea bila uzito nayo ina gharama. Mifupa inayobeba mwili hupoteza takriban asilimia moja ya madini yake kila mwezi, misuli husinyaa, na maji ya mwili hupanda kichwani, jambo linaloweza kudhuru macho. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kwa takriban saa mbili kila siku.

Daktari huwapima kabla ya safari, huzungumza nao kwa faragha wakiwa angani, na huwasimamia wanaporejea. Hushirikiana na wahandisi wa usalama, kwa kuwa kasoro ya mtambo huua kama maradhi.

Historia inathibitisha. Januari 1967, Wamarekani watatu wa Apollo 1 walikufa kwa moto wakiwa mazoezini ardhini, ndani ya chumba kilichojaa oksijeni tupu. Juni 1971, Wasovieti watatu wa Soyuz 11 walikufa wakati wa kurejea, baada ya vali kufunguka na hewa kutoroka. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kinga. Tangu hapo, mavazi hayo yakawa lazima katika vyombo vya Soyuz wakati wa kuondoka na kutua.

Afrika Mashariki haiko mbali na taaluma hii. Dk. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani, Septemba 1992, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alifanya kazi na Madaktari Warukao katika ukanda huu. Huduma hiyo ni ya AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 kutokana na wazo lililobuniwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Angani, Dk. Jemison alishiriki utafiti wa kichefuchefu cha wasafiri na wa chembe hai za mifupa.

Kwa kijana wa Sombetini, njia huanzia kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha shahada ya udaktari, kwa mfano Muhimbili au KCMC, Moshi, na mafunzo ya kazi hospitalini. Hatua inayofuata ni tiba ya usafiri wa anga. Tanzania haina wanaanga, lakini ina marubani, na hakuna rubani anayepata leseni bila kupimwa na daktari aliyeidhinishwa.

Daktari wa rubani, wa mwanaanga na kiongozi wa msafara mlimani wana wajibu mmoja mgumu: kumwambia mtu aliyejiandaa kwa muda mrefu kwamba leo haendi. Kilele hakihami, uhai ukipotea haurudi.