Nani Aulize, kwa Lugha Gani? Utafiti Huru Bujumbura, 2002–2017

Mwaka 2002 Burundi ilikuwa na Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 lakini haikuwa na amani, kwa kuwa CNDD-FDD na FNL walikuwa bado vitani. Ndipo kilipoanzishwa Bujumbura kituo cha utafiti wa kuzuia migogoro, kijulikanacho kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CENAP.

Wakati huohuo, kituo cha aina hiyo jijini Cairo kilikuwa kimefungwa. Kituo cha Ibn Khaldun, kilichoanzishwa mwaka 1988 na mwanasosholojia Saad Eddin Ibrahim, kilichunguza demokrasia na maendeleo katika jamii za Kiarabu. Ibrahim alikamatwa Juni 2000. Shtaka mojawapo lilihusu fedha za Umoja wa Ulaya zilizopokewa bila kibali. Mahakama ya juu ya rufani ilimwachia huru Machi 2003.

Kituo cha Cairo kilisimama juu ya jina la msomi mmoja. CENAP ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2007, ikishirikiana na Interpeace, watafiti wake walikwenda mikoani kuwauliza wananchi kinachohatarisha amani yao. Yaliyojitokeza zaidi ni manne: umaskini, silaha mikononi mwa raia, haki ya mpito na uchaguzi. Hapa pana jambo ambalo wanasayansi ya siasa hulipita haraka. Watu walizungumza Kirundi. Ripoti zikatoka kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Mijadala hiyo pia ilirekodiwa kwa filamu, na bila shaka filamu, kuliko kitabu, ndiyo iliyompa mkulima nafasi ya kuhakiki alichonukuliwa. (Kiswahili, lugha ya Buyenzi, hakikupewa nafasi ya kutajika.)

Mgogoro wa mwaka 2015 ulizitenganisha taasisi hizi. Ligi ya Iteka, iliyoundwa mwaka 1991 na ambayo jina lake kwa Kirundi lina maana ya heshima, ilifutwa Januari 2017. CENAP iliendelea. Kuieleza tofauti hiyo kwa kipimo cha ujasiri ni kurahisisha mno. CENAP ilikusanya maoni ya pande zinazopingana. Iteka iliorodhesha waathiriwa, na orodha ya waathiriwa humwelekea mtenda. Tangu hapo Iteka hutoa taarifa zake kutoka uhamishoni, na mshauri wa sera anayesoma ripoti zilizoandikwa Bujumbura peke yake ana nusu tu ya ushahidi mezani.