Barua kwa Halmashauri

Leo tutasoma historia ya barua za wakaaji wa mji kwa halmashauri yao.

Wewe ukaaye Ngamiani, Tanga, ukiona lundo la taka mlangoni pako utamwandikia nani? Utamwandikia Mkurugenzi wa Jiji, na nakala utampa diwani wako. Lakini haikuwa hivyo siku zote.

Mwaka 1972 Serikali ilianza kupeleka madaraka mikoani, na kufikia mwaka 1974 halmashauri za miji Tanzania Bara zilikuwa zimevunjwa. Kazi zao zikashikwa na maofisa wa mkoa na wilaya. Mkaaji akakosa diwani wa kumwendea. Katika miji mingi taka zikarundikana na mitaro ikaziba. Mwaka 1977 kipindupindu kikaenea nchini. Ndipo mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji.

Tumejifunza nini? Barua yataka mtu wa kuijibu, na diwani wetu twamchagua sisi wenyewe.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni tarehe, mtaa wenu, na siku ambazo taka hazikuzolewa. Kisha andikeni siku ambayo ninyi majirani mtafagia mtaa wenyewe. Tieni saini. Kwaherini.