Baba, Mwana na Nundu ya Mti

Mpasua mbao akikuta nundu kwenye shina huikata na kuiweka kando. Nyuzi zake hazina mwelekeo: zimejikunja kuzunguka machipukizi mengi yaliyokwama chini ya gome, na ubao utokao humo hupinda, haufai kwa paa wala mlango. Anayekereza miguu ya vitanda vya samadari naye hutafuta mti ulionyooka. Lakini watu wa asili wa misitu ya kaskazini mashariki ya Marekani, Wairokwa miongoni mwao, waliona faida palepale wengine walipoona kasoro. Mti usio na mwelekeo mmoja haupasuki kirahisi. Waliichoma nundu kwa makaa, wakaikwangua, wakapata mabakuli ya kurithisha wajukuu. Walowezi kutoka Ulaya waliiga, wakaongeza kerezo. Baadaye vyombo vya kauri na vya bati viliposhuka bei, kazi hiyo ikafifia.

Mmoja wa walioifufua katika karne ya 20 alikuwa mtu wa chuma. Melvin Lindquist, aliyezaliwa California mwaka 1911, alifanya kazi katika kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York. Huko kiwandani alikereza vyuma kwa vipimo visivyosamehe kosa la unene wa unywele. Jioni na siku za mapumziko aliwasha kerezo lake la nyumbani akakereza miti.

Mkono wa kiwandani alikuja nao. Fundi wa kawaida alikereza bakuli lenye mdomo mpana ili aone anachokichonga. Melvin alitaka magudulia yenye mdomo mwembamba, basi akabuni njia ya kuchimba tumbo la chombo kwa chuma kirefu kilichopitishwa mdomoni, huku macho hayaoni kitu ndani. Kilichomwongoza ni kipimo, mlio na mtikisiko wa mkono. Juu, mara nyingi aliacha ukingo wa asili wa nundu, mabonde na miiba yake, bila kuunyoosha.

Mwanawe Mark, aliyezaliwa mwaka 1949, alikulia kando ya kerezo hilo. Akajifunza pia ufinyanzi, na akavutiwa na vikombe vya chai vya Kijapani ambavyo ufa au rangi iliyochuruzika haihesabiwi aibu. Pamoja na baba yake alishughulikia mbao zilizoanza kuliwa na kuvu, hasa za mepo, mti ambao jani lake limo katikati ya bendera ya Kanada. Kuvu zinapokutana ndani ya gogo, kila kundi hujiwekea mpaka, na mipaka hiyo ndiyo mistari myeusi, myembamba kama wino, inayozagaa kwenye bakuli. Ugumu ni wakati. Gogo likiwahiwa halina mistari. Likicheleweshwa linakuwa unga. Hata likipatikana kwa wakati wake, sehemu laini hukaa ubavuni mwa sehemu ngumu, patasi ikazama hapa na kuruka pale. Mwaka 1977 Mark aliieleza mbao hiyo katika jarida la Fine Woodworking, na mafundi wengi wakaanza kurudi kwenye magogo waliyokuwa wameyapa kisogo.

Mwaka uliofuata, 1978, jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilichukua kazi za baba na za mwana. Vyombo vya karakana ya nyumbani vikaingia chini ya paa moja na sanamu za Wagiriki. Hilo lilikuwa haki yao.

Nundu kubwa si kazi ya mtu mwenye haraka. Hukatwa kwa chenso ikiwa bado mbichi, ikafungwa kwenye kerezo na kuchongwa nene, kwa kanuni ya mafundi wengi: unene wa ukuta uwe kama sehemu moja ya kumi ya upana. Kisha inawekwa ikauke kwa miezi kadhaa, ipinde itakavyo, ndipo irudishwe kukerezwa mara ya mwisho. Mzunguko wake ni wa polepole, na sababu iko wazi kwa hesabu. Chombo cha upana wa mita 1 kikizunguka mara 300 kwa dakika, ukingo wake unakwenda takriban kilomita 56 kwa saa. Kipande cha gome kikibanduka kwa mwendo huo kinaweza kumvunja mtu uso. Ndiyo maana fundi huvaa kinga ya uso na kusimama pembeni. Na kwa mbao yenye kuvu huongeza barakoa, kwa sababu vumbi lake huumiza mapafu.

Melvin alifariki mwaka 2000. Mark alikuwa tayari amesonga mbele, akikata mabakuli na minara ya mbao kwa chenso na kuacha alama za meno ya msumeno zionekane.

Nundu, iliyokuwa ya kutupwa, sasa inaibwa. Mwaka 2014 hifadhi za miti mirefu ya redwood huko California zilifunga barabara moja usiku kwa sababu ya wezi waliokata nundu kwenye miti hai. Kwa redwood, nundu ya shinani ndiyo hazina ya machipukizi, mti mzee ukianguka mpya huchipuka hapo. Anayenunua bakuli la nundu na amuulize fundi swali moja: mti wake ulianguka wenyewe, au uliangushwa?