Kauri Ndani ya Betri: Historia Fupi

Betri ya lithiamu ya simu zetu ina kimiminika kinachopitisha ioni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kimiminika hicho hushika moto. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kauri ishike nafasi yake, kwani kauri haiungui. Lakini je, kitu kigumu kinaweza kupitisha ioni?

Swali hili ni la zamani. Katika miaka ya 1830, Michael Faraday wa London aliona kuwa sulfidi ya fedha hupitisha umeme vizuri zaidi inapopashwa moto. Mwaka 1967, Yung-Fang Yu Yao na Joseph Kummer wa kampuni ya Ford walionyesha kwamba beta-alumina, ambayo ni kauri, hupitisha ioni za sodiamu kwa kasi.

Zamu ya lithiamu ilifika 2007. Werner Weppner wa Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, pamoja na Murugan na Thangadurai, walitangaza kauri ya lithiamu, lanthanamu, zirkoni na oksijeni, yenye fuwele za muundo wa kito cha garneti. Waliomfuata walipata matokeo tofauti: wengine kauri yao ilipitisha ioni polepole mno. Baadaye ikabainika kwamba alumini kidogo hutoka kwenye chombo cha kuchomea, ikaingia katika kauri na kuushikilia muundo unaofaa. Kilichoonekana uchafu kikawa kiungo, na leo hutiwa kwa makusudi na kwa kipimo.

Baada ya hapo tatizo lilihamia mpakani, pale kauri inapokutana na lithiamu. Kauri hii ikikaa hewani hujifunika utando wa kaboneti ya lithiamu, hivyo pande mbili hazigusani vizuri. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliipaka kauri tabaka jembamba sana la oksidi ya alumini. Ukinzani wa mpaka ukashuka kutoka omu 1,710 hadi 1 hivi kwa eneo la sentimita moja ya mraba.

Hata hivyo, betri inapochajiwa haraka, lithiamu bado hupenya katika nyufa na kati ya punje za kauri, ikasababisha shoti. Kwa hiyo, tukisikia kwamba kauri mpya imevunja rekodi, tuulize kwanza: wameipima peke yake, au ikiwa imegusana na lithiamu?