Vichwa vya Habari kwa Asiyenunua

Kwenye meza za magazeti za Makole, kama kwingineko mjini Dodoma, wateja ni wa aina mbili: anayenunua, na anayesimama mikono nyuma, akasoma vichwa vyote vya habari bure, akaenda zake. Ukurasa wa mbele wa magazeti yetu ya burudani ulisanifiwa kwa ajili ya huyu wa pili. Wa kwanza pesa anayo mkononi. Wa pili lazima awashwe mpaka ashindwe kuondoka.

Mbinu hizo hazikuanza na Bongo Fleva. Zamani gazeti la Sani liliuza kwa katuni za kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Mashabiki wa dansi nao walishagawanyika, Msondo huku, Sikinde kule, tangu bendi ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoundwa mwaka 1978, na waandishi wakaazima maneno ya Simba na Yanga: watani wa jadi, mpambano, nani mbabe. Miaka ya 1990, kwenye taarab, wakaja TOT ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, Khadija Kopa upande mmoja, Nasma Khamis upande wa pili. Mipasho ya nyimbo zao ikampa mhariri kitu ambacho mpira hauna: kijembe kisichotaja jina, ambacho kila mtu anajua kimemlenga nani.

Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers waliigawa wiki nzima. Jumanne Uwazi, Alhamisi Amani, Ijumaa gazeti la jina hilohilo, Jumamosi Risasi. Ugomvi wa wasanii wawili ukipatikana mapema, uliweza kuliwa hadi mwisho wa juma.

Utazame ukurasa wenyewe. Sura ya msanii imekatwa kwenye picha yake na kubandikwa juu ya rangi kali, duara jekundu linazunguka kinachotakiwa kuonekana, mshale unakielekea kana kwamba duara halitoshi. Msanii hasemi, anafunguka. Halii, anamwaga machozi. Akimkosoa mwenzake, amemchana. Lady Jaydee ni Jide na Diamond ni Mondi. Mapenzi ya mashabiki yamo, lakini jina fupi pia huruhusu herufi kubwa zaidi. Neno lililofanya kazi ngumu kuliko yote ni “adaiwa”: linamkinga mhariri na mahakama, ingawa si kila mara. Halafu nukta tatu, na “Uk. 2”. Ukifika ukurasa wa pili unakuta aya chache, ya mwisho ikikuarifu kwamba simu ya mhusika iliita bila kupokelewa.

Muziki wenyewe, yaani gitaa, sauti, mapigo, ulipata nafasi finyu. Mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa hapahapa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitolewa albamu ya Chibite na Real World, kampuni ya Peter Gabriel ya Uingereza, mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003. Ala zake, zeze na ilimba, zilihitaji mwandishi wa kueleza mlio, na lugha ya udaku, kwa maoni yangu, haikuwa na msamiati huo. Ingemwandika vizuri sana kama angegombana na mtu.

Jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999 na kugawiwa bure shuleni, liliandika Kiswahili cha vijana bila kupayuka. Halikuwa na wa kumvuta mezani.

Siku hizi mpita njia anasimama kwenye simu. Picha za kutangulizia video za YouTube zimerithi duara jekundu, mshale na machozi, ila maneno yamepungua hadi matatu au manne kwa sababu kioo ni kidogo. “Adaiwa” limeanza kuadimika. Na palipokuwa na “Uk. 2” sasa pameandikwa “tazama mpaka mwisho”, maana mwenye chaneli halipwi kwa nakala, anahesabiwa dakika.