Picha ya Ukoo na Njia ya Jeshi

Ndugu walimu, sisi tufundishao lugha tumezoea kuwafunza wanafunzi wetu kusoma maandishi. Kusoma picha ni mara chache. Hivi karibuni tulialikwa katika nyumba moja karibu na njia panda ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, mjini Kigali. Bibi mwenye nyumba alifungua kitambaa, akatoa picha ya zamani, akasema: "Mwalimu, humu yumo babu yetu. Alikuwa askari wa Mdachi. Nataka wajukuu wangu wajue alikopita."

Picha hiyo ina watu sita waliosimama mbele ya ukuta wa udongo. Watatu wa kushoto wamevaa tarbushi na mikanda, na kila mmoja ameshika bunduki. Watatu wa kulia hawana kofia wala silaha. Miguuni pao pana mizigo iliyofungwa kamba. Nyuma ya picha pana mstari mmoja wa wino: "Kisenyi, Kigali, Biharamulo, Tabora, 1916. Baba ni wa tatu."

Tulianza na kofia. Askari wa Wadachi walifunika tarbushi zao kwa kitambaa cha kaki, na mbele wakabandika nembo ya tai. Askari wa Kongo ya Wabelgiji, ambao jeshi lao liliitwa Force Publique, walivaa tarbushi nyekundu. Na katika picha za zama zile wekundu hutokea kama weusi. Tarbushi za picha yetu ni nyeusi, hazina tai. Hapo tukaanza kuwa na shaka na neno "Mdachi".

Kisha tukatazama tahajia, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Wadachi waliandika "Kissenji". Wabelgiji waliandika "Kisenyi". Yafaa tuwe waangalifu hapa: tahajia haimshuhudii mpiga picha, humshuhudia aliyeandika, na huenda aliandika miaka mingi baadaye. Hata hivyo inatuonyesha kwamba mkono ule ulizoea maandishi ya utawala wa Kibelgiji.

Shahidi wa tatu, na mwenye nguvu kuliko wote, ni mfuatano wa majina ya miji. Vita vilipozuka mwaka 1914, Richard Kandt, aliyeiasisi Kigali kama makao ya utawala wa Kijerumani, alikuwa likizoni kwao. Ulinzi wa Rwanda ukawa mikononi mwa Kapteni Max Wintgens, ambaye mwezi Septemba mwaka huo aliteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Mwaka 1916 Jenerali Charles Tombeur aliyaingiza majeshi ya Kongo kwa brigedi mbili. Brigedi ya kusini, chini ya Olsen, ilipita Usumbura na Gitega mwezi Juni, ikafika Kigoma mwezi Julai. Brigedi ya kaskazini, chini ya Kanali Molitor, ilikuwa na mikono miwili: mmoja ukikabili Kisenyi kando ya ziwa, mwingine ukitokea upande wa Kamwezi, mpakani mwa Uganda. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei 1916. Biharamulo ilitwaliwa mwishoni mwa Juni, na baada ya mapigano makali ya Itaga na kwingineko, Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916.

Wintgens na watu wake nao waliishia upande wa Tabora, lakini wao walirudi nyuma kwa kupitia Nyanza na Burundi. Anayetaja Biharamulo, akaacha Usumbura, Gitega na Kigoma, anaitaja njia ya Molitor. Kwa hiyo babu hakumtumikia Mdachi. Aliingia Kigali pamoja na waliomfukuza Mdachi.

Limebaki neno "wa tatu". Aliyeandika hakusema kutoka upande gani. Ukihesabu kutoka kushoto, unaangukia askari mwenye bunduki. Ukihesabu kutoka kulia, unaangukia mtu mwenye mzigo. Miaka yote ukoo umehesabu kutoka kushoto, na si ajabu, kwani nani hapendi babu mwenye bunduki? Lakini jeshi lile halikuwa na reli wala barabara ya magari kutoka Kivu. Kila risasi na kila kibaba cha chakula kilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na majina yao hayakuandikwa kwenye sanamu yoyote. Nyuma ya majeshi hayo, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ilibaki njaa ya 1916 hadi 1918 ambayo Wanyarwanda huiita Rumanura.

Tulimweleza Bibi yote haya kwa unyenyekevu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Hata kama alibeba mizigo, Tabora alifika kwa miguu yake, na akarudi." Nasi hatukuwa na la kuongeza. Kutoka Kigali hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 450, hata ukipima kwa mstari ulionyooka.

Njia panda ya Sonatubes inakumbuka msafara mwingine pia. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya Kicukiro waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wakazuiwa karibu na hapo, wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro, wakauawa. Nyumba nyingi zilipoteza watu wake na picha zao pamoja. Ndiyo maana katika Kumbukumbu ya Gisozi picha za ukoo zilizosalia zimetundikwa kwa heshima kubwa. Penye picha moja iliyopona, kosa la maneno mawili ni hasara kubwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu walimu, tuwape wanafunzi wetu zoezi hili: kila mmoja alete picha moja ya nyumbani, amuulize mzee angali hai, kisha aandike nyuma yake majina kamili, mahali, mwaka, na upande wa kuanzia kuhesabu.