Njia za Mlimani na Ukakamavu wa Mwili

Siku hizi kukwea milima kwa ajili ya mazoezi husemwa kana kwamba kuliletwa na wageni wenye mikoba mgongoni. Aliyezaliwa Mponde, katika miteremko ya chai upande wa Bumbuli, hana budi kucheka. Usambara shamba liko juu, maji yako bondeni, na gulio liko ng'ambo ya kilima kingine.

Wasambaa wa kale walitofautisha Shambaai, nchi ya baridi huko juu, na nyika ya joto iliyo chini. Vijiji vingi vilijengwa ukingoni mwa mlima ili watu wapate kulima huku na huku, mvua ikikosekana upande mmoja wasife njaa. Hivyo kupanda na kushuka kulikuwa sehemu ya kilimo chenyewe. Krapf, mmisionari aliyetoka Mombasa mwaka 1848 kwenda Vugha kumwona Kimweri ya Nyumbai, alizijua njia hizo kwa miguu yake.

Wajerumani walipoitawala nchi, waliifanya Lushoto, wakiiita Wilhelmstal, mahali pa kupunga upepo mbali na joto la Tanga. Reli ilifika Mombo mwaka 1905. Lakini kutoka hapo, karibu mita 400 juu ya bahari, hadi Lushoto, karibu mita 1,400, kulibaki kukwea. Hapa ndipo tunapotaka wanafunzi watue kidogo. Mzungu alikwea kwa ajili ya afya yake. Mwananchi alikwea mlima ule ule akiwa na mzigo wa Mzungu kichwani. Jasho lilikuwa moja, ila wa kwanza alihesabiwa mpenda mazoezi, wa pili mpagazi.

Mwaka 1967 mwendo wa miguu ulipata heshima mpya. Vijana walitembea masafa marefu kuliunga mkono Azimio la Arusha, na Seth Benjamin akafariki njiani akielekea Dar es Salaam. Mwezi Oktoba Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200.

Kwa upande wa mwili, kupanda hutumikisha moyo na mapafu. Kushuka, ambako wengi hudhani ni mapumziko, ndiko huumiza misuli ya mbele ya mapaja, kwa kuwa hurefuka huku ikiuzuia mwili usiporomoke. Sisi watu wa tambarare tulilitambua hilo asubuhi ya pili, tulipolazimika kushuka ngazi kinyumenyume.

Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, wakulima walipoteza soko lao la karibu, lakini vilima havikupungua. Mwanafunzi anayekwea huko kwa mazoezi atapishana na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Ampishe njia, amwamkie, kisha amwulize alianza kukipanda kilima hicho akiwa na umri gani.